Mkanda uliochakaa usipande tena mtini

Mtu anayepanda mti kukata matawi hukabidhi uhai wake kwa vitu vichache: kamba, karabina, na mkanda aliojifunga kiunoni na mapajani. Vitu hivi huchakaa kwa sababu vinafanya kazi, na hakuna awezaye kuvizuia visichakae. Linalozuilika ni moja: kuendelea kuvipandia baada ya uchakavu kuonekana.

Msimamo wetu ni huu. Sehemu ya mkanda iliyoonekana kuchakaa ibadilishwe kabla mpandaji hajarudi mtini. Gharama ibebwe na mwenye kazi. Na mpandaji awe na haki ya kukataa kupanda mpaka ibadilishwe, bila kukatwa ujira wa siku hiyo.

Wanaohusika si wachache. Wamo vijana wanaosafisha njia za nyaya za umeme, wanaopunguza mivinje na mikungu kwenye viwanja vya pwani, na wanaoteremsha matawi ya mijakaranda iliyoinamia mapaa ya Nairobi. Wamo wanaoushusha kipande kwa kipande mwembe mzee uliokufia katikati ya nyumba mbili, mahali ambapo mti hauwezi kuangushwa mzima. Wamo na wakusanya mbegu za miti ya misitu, maana mbegu nzuri za miti mingi mirefu huchumwa juu kabla hazijapukutika, na vituo vya mbegu kama vya Morogoro na Muguga vinaijua kazi hiyo. Wengi wao ni vibarua. Hulipwa kwa siku au kwa mti, na mkanda wanaovaa wameukuta stoo.

Tukumbushane kinachobebwa na mkanda huo. Mtu akianguka kutoka mita 10, urefu wa karibu ghorofa tatu, hufika chini kabla sekunde moja na nusu haijaisha, akiwa na kasi ya kilomita 50 kwa saa. Minazi na mivinje mingi inapita sana urefu huo. Aliyeko juu hapati muda wa kushika tawi, na aliyeko chini hapati muda wa kupiga kelele.

Mkanda wa kupandia miti una sehemu nyingi, na haziishi kwa pamoja. Kuna ukanda mpana wa kiuno, kanda mbili za mapaja, bizimu za kukazia, na pete za chuma ubavuni. Mbele, chini kidogo ya kitovu, kuna kipande kifupi cha kamba kinachoungana na mkanda kulia na kushoto. Juu ya kamba hiyo fupi hupita pete ndogo inayobeba kamba kuu ya kupandia. Mpandaji akiegemea kulia, pete huteleza kulia. Akigeuka kushoto, nayo hufuata. Kutwa nzima husugua palepale, na uzito wote wa mwili uko juu yake. Hii kamba ya mbele kwa kawaida huisha mapema kuliko sehemu nyingine za mkanda. Watengenezaji wengi wanalijua hilo, kwa hiyo huitengeneza iweze kufunguliwa na kuwekwa nyingine bila kununua mkanda mzima.

Wanaoijua kazi huanzia hapo kila asubuhi. Huivuta kamba hiyo kati ya vidole polepole, wakiikunja inchi kwa inchi. Wanatafuta mahali ganda la nje lilipofumka manyoya, palipokuwa pagumu na pang'avu kwa joto la msuguano, palipopungua unene, au panapoonekana uzi wa ndani. Dalili moja inatosha. Hawangoji ya pili.

Kisha huhamia kwenye kanda. Hutazama kingo kama zimechanika, na mishono kama ina uzi uliokatika. Watengenezaji wengi hushonea uzi wa rangi tofauti na ya ukanda ili uliokatika uonekane haraka. Huangalia bizimu kama zinashika au zinateleza zikivutwa kwa nguvu. Hutazama pete na karabina: je, kamba imechimba mfereji kwenye chuma? Je, mlango wa karabina unajifunga wenyewe ukiachiliwa, na kufuli lake linazunguka hadi mwisho? Kwa sisi wa pwani kuna la ziada. Chumvi ya bahari hula alumini na chuma, huganda kwenye bawaba na springi, na karabina iliyokuwa ikijifunga vizuri jana inaweza kukwama nusu leo.

Hatari nyingine hazionekani kwa jicho la haraka. Jua hudhoofisha nyuzi za nailoni. Rangi iliyopauka ni onyo la kwanza. Mchanga na vumbi huingia katikati ya nyuzi na kuzikata kutoka ndani kila ukanda unapokunjika. Asidi ya betri huila nailoni, na mkanda uliotupwa nyuma ya pikapu kando ya betri inayovuja unaweza kupoteza nguvu huku ukionekana mzima. Ndiyo sababu mkanda huoshwa kwa maji ya kawaida na sabuni laini, huanikwa kivulini, na hutunzwa kwenye begi lake, mbali na mafuta, dawa na betri.

Hata mkanda uliokaa tu kabatini una mwisho wake. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha miaka 10 tangu siku ya kutengenezwa kwa sehemu za nailoni na polista. Kikomo hicho ni cha juu kabisa. Kazi ya kila siku kwenye utomvu, vumbi na jua inaweza kuumaliza mkanda mapema zaidi, na mkwaruzo mmoja wa chenso huumaliza siku hiyohiyo.

Haya yote yameandikwa kwenye vitabu vya maelekezo. Mbona basi watu wenye ujuzi na macho mazima hupanda na vifaa vilivyokwisha?

Jibu linapatikana katika kifo cha Todd Skinner, Mmarekani aliyekuwa miongoni mwa wapanda miamba mashuhuri wa nchi yake. Tarehe 23 Oktoba 2006, akiwa na umri wa miaka 47, alikuwa akiteremka kwa kamba kwenye jabali la Leaning Tower katika hifadhi ya Yosemite, California. Kitanzi cha mbele cha mkanda wake, kinachobeba uzito wote wa mtu anayeteremka, kilikatika. Kamba yake ilikuwa nzima. Alianguka takriban mita 150. Kitanzi kile kilikuwa kimesuguliwa kwa muda mrefu na vifaa vilivyofungwa mahali palepale. Mwenzake, Jim Hewett, alieleza baadaye kwamba siku chache kabla ya ajali alikiona kitanzi kimechakaa akamwambia, na kwamba Skinner alijibu kuwa ameshaagiza mkanda mwingine.

Tuitazame habari hiyo vizuri. Uchakavu ulionekana. Ulisemwa. Hata kifaa kipya kiliagizwa. Kilichokosekana ni kuuvua mkanda ule siku ileile ulipotiliwa shaka. Mtu aliyekwea majabali kwa miongo kadhaa alikufa ndani ya siku chache zilizokuwa kati ya kuona na kubadilisha.

Siku hizo chache ndizo tunazotaka zifutwe kwenye kazi za miti hapa kwetu. Kwetu pengo hilo ni pana zaidi, na sababu zake zinafahamika. Spea haipo stoo. Ikiagizwa, hutoka nje ya nchi na huchukua wiki. Mkandarasi ana siku zilizohesabiwa za kumaliza kazi. Kibarua asiyepanda leo hali leo. Kila mmoja anajiambia kwamba mti huu mmoja utapita. Maamuzi ya namna hii hufanywa na watu wasio na nia mbaya, na matokeo yake ni yaleyale.

Kosa la pili ni kutengeneza mahali pa kubadilisha. Ukanda uliofumka hupelekwa kwa fundi viatu akaushone. Fundi huyo anaweza kuwa hodari, lakini uzi wake haukupimwa kubeba mtu anayeanguka, na kila tundu la sindano linazidi kukata nyuzi zilizobaki. Wengine hufunga fundo mahali palipochakaa, ilhali fundo lenyewe hupunguza nguvu za kamba. Wengine huzungushia tepu ya mafundi umeme. Tepu haiongezi nguvu yoyote. Inaficha tu kidonda ili kesho asikione mwingine. Mambo haya matatu yapigwe marufuku katika kila kikosi kinachopanda miti, na marufuku hiyo iandikwe mlangoni mwa stoo.

Kubadilisha kwenyewe kuna utaratibu, na hauna ugumu. Sehemu mpya iwe ya mtengenezaji yuleyule na ya aina ileile ya mkanda. Kamba ya mbele haikatwi kutoka kwenye kamba yoyote iliyobaki stoo, hata kama unene unaonekana kulingana, kwa sababu kamba mbili za unene mmoja zinaweza kutofautiana sana kwa nguvu, kwa mvutiko na kwa namna zinavyoshika fundo. Mafundo ya mwisho yafungwe kama kitabu kinavyoonyesha, yakazwe kwa uzito wa mwili, na ncha zake ziachwe ndefu kama ilivyoagizwa. Pete zinazofunguliwa kwa skrubu zikazwe kwa kipimo kilichoandikwa. Baada ya hapo mtu wa pili akague kazi ya wa kwanza. Kisha mpandaji avae mkanda, ajining'inize futi mbili kutoka ardhini, ajitupe kulia na kushoto, akae, ajinyooshe. Kama kuna kitu kilichofungwa vibaya, kijulikane hapo chini.

Sehemu iliyotolewa ikatwekatwe papo hapo. Si ya kuweka kando. Kamba mbovu iliyorudishwa stoo siku moja itaokotwa na kijana mgeni asiyejua historia yake. Karabina mbovu nayo ipigwe nyundo au ikatwe kwa msumeno wa chuma, isije ikauzwa mtaani.

Tena si kila kitu hubadilishwa kipande kwa kipande. Ukanda wa kiuno au wa paja ukichanika, mshono unaobeba uzito ukikatika, au mkanda ukipokea mshtuko mkubwa wa mtu kuanguka, mkanda mzima umekwisha kazi. Hapo hakuna spea. Hununuliwa mwingine.

Lebo nayo ina uzito wake. Kila mkanda halali una lebo yenye namba yake na tarehe ya kutengenezwa. Mkanda usio na lebo hauna umri unaojulikana, na usio na umri haupandiwi. Tunalisema hili tukijua kwamba mikanda ya mitumba imejaa sokoni. Shati la mtumba likichanika unabaki na aibu ya dakika tano. Mkanda wa mtumba hujui ulishikwa na asidi gani, ulianguka na nani, uliachwa juani miaka mingapi. Anayemnunulia kibarua mkanda wa namna hiyo kwa sababu ya bei anapunguza gharama zake kwa uhai wa mwenzake.

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa kuheshimu kamba. Wakwezi na wagema wamepanda minazi vizazi na vizazi wakiwa na kitanzi cha kamba miguuni na vidato vilivyokatwa kwenye shina. Kamba ya usumba, iliyosokotwa kutokana na makumbi, huonyesha uchakavu wake waziwazi: hupukutika, hulegea, huoza kwa harufu. Nailoni ni nyepesi zaidi na ina nguvu zaidi, lakini haisemi mapema. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Kwa kamba ya leo, hapo pabovu panatafutwa kwa vidole, kwa mwanga mzuri, na kwa mtu asiye na haraka. Mazoea ya kutazama mara moja na kupanda yalitosha kwa usumba. Hayatoshi tena.

Zanzibar inajua pia gharama ya kuanguka. Kila msimu wa karafuu wachumaji huanguka mikarafuuni, na Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, ZSTC, limekuwa likitoa fidia kwa walioumia. Ni jambo jema na linastahili kuigwa na kila anayetegemea watu wa kupanda. Lakini fidia hulipwa baada ya mfupa kuvunjika. Fedha kidogo kutoka fungu hilohilo ikitangulia mbele ya ajali, kwa kamba nzima, kanda zinazofaa matawi ya mkarafuu na watu wa kuzikagua, itapunguza idadi ya wanaohitaji kulipwa.

Kuhusu sheria, msingi upo. Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali, OSHA. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2005. Kenya ina sheria ya mwaka 2007, ambayo inamtaka mfanyakazi atoe taarifa ya hatari kubwa anayoiona, na inamkataza mwenye eneo la kazi kumrudisha mtu mahali hatari hiyo ingalipo. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote, na unamlinda anayejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu. Tangu Juni 2022, mazingira salama ya kazi yamo kwenye orodha ya haki za msingi za kazi ambazo wanachama wote wa ILO wanapaswa kuziheshimu.

Nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi kwa kutaja muda. Uingereza, kwa kanuni zake za vifaa vya kunyanyulia za mwaka 1998, inataka vifaa vinavyobeba watu vikaguliwe kwa kina na mtu mwenye ujuzi angalau kila miezi sita. Viwango vya Ulaya kwa vifaa vya kujikinga na kuanguka vinataka ukaguzi wa aina hiyo angalau kila miezi 12. Huu ni mbali na ukaguzi wa mpandaji mwenyewe kila siku. Kila mkanda una kadi yake: namba, tarehe ya kununuliwa, tarehe za ukaguzi, sehemu zilizobadilishwa, na jina la aliyekagua. Kwenye joto, chumvi na vumbi letu, miezi sita ndiyo iwe mwisho wa kusubiri.

Hapa kwetu sheria haikosekani. Kinachokosekana ni mstari mmoja kwenye makaratasi ya zabuni. Kazi nyingi za kukata matawi hutolewa kwa wakandarasi na mashirika ya umeme, halmashauri, taasisi za barabara, shule, hospitali na hoteli. Anayeshinda mara nyingi ni mwenye bei ya chini. Zabuni ikitaja misumeno, gari na idadi ya watu, lakini isitaje vipuri vya mikanda, mkandarasi mwaminifu anayeviweka kwenye hesabu zake anashindwa na yule asiyeviweka. Kwa njia hiyo mwenye kazi ananunua hatari bila kuiona kwenye karatasi.

Dawa yake ni rahisi. Zabuni itenge fungu la vipuri vya kupandia, kiasi kinacholingana kwa washindani wote, kisichoruhusiwa kupunguzwa ili kushinda bei. Malipo ya awamu ya kwanza yatolewe baada ya mwenye kazi kuona kadi za ukaguzi na kuhesabu vipuri vilivyoko stoo. Na kwenye kila kundi la wapandaji pawepo spea mkononi tangu siku ya kwanza: kamba za mbele, kamba za kujifunga kwenye shina, karabina, na angalau mkanda mmoja mzima wa akiba. Mkanda wa akiba ukiwepo kwenye gari, hakuna tena anayelazimika kuchagua kati ya kazi na uhai.

Tunazijua hoja zitakazoletwa.

Ya kwanza ni gharama. Ni kweli kwamba vifaa hivi ni ghali, na ushuru na usafiri huongeza bei. Lakini kamba moja ya mbele ni sehemu ndogo tu ya bei ya mkanda mzima, na bei ya mkanda mzima haifiki popote karibu na gharama ya mtu aliyevunjika uti wa mgongo: miezi hospitalini, watoto walioacha shule, kesi, na kazi iliyosimama. Serikali nazo zina sehemu yao. Vifaa vya kuzuia watu wasife kazini vingestahili kuangaliwa upya kwenye kodi, na mashirika ya viwango, TBS, ZBS na KEBS, yaongeze macho kwa mikanda na karabina bandia zinazouzwa madukani.

Ya pili husemwa na wapandaji wenyewe: huu mkanda naujua, umenibeba miaka. Tunaheshimu uzoefu. Lakini miaka ambayo mkanda umembeba mtu ndiyo miaka iliyoumaliza. Uzoefu wa kweli unaonekana kwa yule anayeuvua mbele ya vijana na kusema, huu sipandi nao.

Ya tatu ni kwamba ukaguzi unapoteza muda. Ukaguzi wa asubuhi kwa mtu aliyezoea ni wa dakika chache, na unafanywa huku misumeno ikijazwa mafuta. Mkandarasi anayelalamikia dakika hizo ana tatizo kwenye ratiba yake, na aitengeneze ratiba.

Ya nne ni nzito zaidi: kibarua akisema hapana, kesho haitwi. Hili ndilo tunalolitilia mkazo kuliko yote, kwa sababu bila kulimaliza mengine yote hubaki karatasi. Haki ya kukataa haina maana kwa mtu ambaye kukataa kwake ni njaa. Kwa hiyo siku ambayo mkanda umekutwa na kasoro, ilipwe. Mtu afanye kazi ya chini, aburute matawi, aelekeze magari, apokee kamba, na alipwe kama aliyepanda. Jambo hili liandikwe kwenye mkataba, na msimamizi asomewe mbele ya wote kabla kazi haijaanza. Msimamizi anayempandisha mtu kwa mkanda uliokataliwa aondolewe eneo la kazi siku hiyo.

Mafunzo yafuate. Vyuo vya VETA Tanzania na vyuo vya ufundi vya Kenya vinafundisha umeme, uchomeleaji na udereva. Kupanda miti kwa kamba nako ni ufundi, na mijini unahitajika zaidi kila mwaka kadiri miti ya zamani inavyozeeka juu ya nyumba na nyaya. Kozi fupi yenye ukaguzi wa vifaa, ubadilishaji wa sehemu na uokoaji wa mtu aliyekwama juu ingewapa vijana hawa cheti, na cheti kingewapa sauti mbele ya mkandarasi. Mpandaji mwenye karatasi mkononi anaposema mkanda huu umekwisha, ni vigumu kumjibu kwamba ni mwoga.

Wakaguzi wa usalama kazini nao watoke. Viwanda na majengo yanayojengwa hukaguliwa kwa sababu yana lango na bango. Kazi ya miti haina lango. Leo iko mtaa huu, kesho iko mtaa mwingine. Lakini mwenye kazi anajulikana, ratiba ya kukata matawi inajulikana, na kabla ya mvua kubwa kazi hizi huongezeka kila mahali. Mkaguzi akifika bila taarifa, akaomba kadi ya kila mkanda, akaipitisha kamba ya mbele kati ya vidole vyake, ataelewa ndani ya nusu saa kama kikosi hicho kinathamini watu wake. Akikuta mkanda usio na lebo, auchukue.

Na wewe mwenye nyumba unayemwita kijana apande mnazi au apunguze mwembe wa uani, una wajibu wako. Muulize amejifunga nini. Mwombe akuonyeshe. Ukiona ukanda umefumka au karabina haijifungi, usimwambie apande kwa uangalifu. Mwambie asipande. Mti utasubiri. Lipa zaidi kidogo kwa mwenye vifaa vizima, na useme waziwazi kwamba umemchagua kwa sababu hiyo, ili wenzake wasikie.

Msimu ujao wa kukata matawi haujafika. Muda wa kuagiza vipuri ni sasa, wakati hakuna anayesubiri juu ya tawi. Tunazitaka taasisi zote zinazotoa kazi hizi, za umma na za binafsi, zifungue stoo zao mwezi huu, zitoe kila mkanda, ziukague kwa mtu mwenye ujuzi, zikate ulio mbovu, na ziweke fungu la vipuri kwenye bajeti na kwenye kila zabuni mpya. Zitangaze hadharani kwamba mpandaji akisema mkanda umechakaa, neno lake ni la mwisho kwa siku hiyo, na ujira wake uko palepale. Taasisi isiyo tayari kufanya hivyo isimpandishe mtu yeyote mtini.